Kusubiri Nako Kwataka Mkeka

Mombasa twajua kufiwa. Mtu akifariki Kibokoni au Majengo, kabla jua halijakaza kazi zimekwisha kugawanyika bila mtu kuamrishwa: huyu yuko mbioni kwa kibali na kaburi, yule atandika mikeka, mwingine ameshika daftari la michango, na akina mama wameteka jiko la jirani ili wafiwa wasipike. Wanaume nje barazani, wanawake ndani. Siku ya tatu yasomwa hitma, watu watawanyika. Mjane ana eda yake ya miezi 4 na siku 10, na hata mtoto ajua asipige kelele mlangoni pake. Kule Magongo na Mikindani, kwa Wakristo, sura ni nyingine lakini mpango upo vilevile: kamati, michango, ibada za jioni, basi la kusafirisha mwili bara.

Sasa mfikirie mama anayesubiri majibu ya kinyama kilichokatwa matitini mwake kwenda kupimwa. Mfikirie mke wa baharia ambaye meli ya mumewe yapita Bahari ya Shamu, ambako meli za biashara zilianza kushambuliwa mwishoni mwa 2023. Mfikirie mzee ambaye binti yake yuko Riyadh kwa kazi za nyumbani na simu haipatikani wiki nzima. Au dereva wa lori aliyeambiwa, baada ya serikali kuagiza Agosti 2019 kwamba shehena za bandarini zipande reli hadi Nairobi, akae nyumbani mpaka aitwe. Shughuli za mizigo ziliamriwa kurudi Mombasa Septemba 2022. Miaka mitatu hiyo, na kuna nyumba za Changamwe na Miritini ambazo zilikaa muda wote huo hazijui kesho italetwa na nani.

Hawa hawana mkeka. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna anayekuja kukaa. Jirani apita, auliza habari, ajibiwa "njema", aenda zake. Naamini hapo ndipo penye pengo kubwa kuliko yote katika namna yetu ya kuishi pamoja, na naamini twaweza kuliziba kwa vitu ambavyo tayari twavijua: tuchukue mpango wa matanga, tutoe kilio, tuutumie kwa watu wanaosubiri.

Sababu ya pengo hili si ukatili. Watu waogopa uchuro. Kujaa kwa mtu kabla ya msiba ni kama kuuita msiba. Hofu hiyo ni ya kweli na yafaa iheshimiwe, kwa hiyo kuja kwenu kusifanane na matanga. Msije kumi kwa pamoja. Msitandike nje. Asikae mtu na kishindo cha huzuni usoni. Semeni mmekuja kutazamana, au kuleta kitoweo, au kuomba dua ya heri. Kumzuru mgonjwa ni jambo tulilolelewa nalo, na mwenye wasiwasi ana haki hiyo hiyo.

Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani Pauline Boss alianza katika miaka ya 1970 kuzichunguza familia za marubani waliopotea vitani Vietnam, watu ambao haikujulikana kama wafu au hai. Alichokiona ni kwamba kupotelewa kwa namna hiyo huwagandisha watu pale pale walipo, kwa sababu hakuna mwisho wa kuushika na jamii haina desturi ya kuwapokea. Mfiwa anajua kilichotokea, machungu yake yana pa kuanzia. Anayesubiri hupanda na kushuka mara ishirini kwa siku: kila simu ikilia roho yaruka, kila pikipiki ikisimama nje moyo wagonga. Mwili haupewi nafasi ya kutua.

Anza na watu. Watatu au wanne watosha, na kila mmoja awe na kazi yake. Mmoja ni wa ndani, yule mwenye ruhusa ya kuingia bila kualikwa na kumkuta mwenye nyumba na kanga ya kulalia. Wa pili ni msemaji: wote wanaotaka habari wampigie yeye, wamwache mwenye shida apumue. Wa tatu ni wa kufuatilia ofisi, hospitali, bandari, wakala. Wa nne ni wa fedha na chakula. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba wote wanakuja siku mbili za kwanza, na siku ya kumi nyumba ni tupu. Matanga huenda vizuri kwa kuwa mwisho wake wajulikana. Kusubiri hakuna siku ya tatu, kwa hiyo jiwekeeni mwisho wa kubuni: zamu za wiki moja moja. Ijumaa baada ya swala, au Jumapili, mnaulizana nani anaendelea na nani apumzike. Aliyechoka aseme amechoka, abadilishwe. Mtu akiahidi "hadi mwisho" huahidi asichokijua, na akishindwa hutoweka kwa aibu.

Ukienda, piga hodi mara tatu kisha urudi kama hakuitikiwa. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, jua likiwa limepoa na kazi za asubuhi zimekwisha, na ni kabla ya giza, maana giza ndilo linalowabana watu hawa. Nusu saa yatosha. Ukikaa saa tatu mwenyeji atalazimika kukuhudumia, na hapo umemwongezea kazi.

Chakula nacho kina kanuni zake. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Desturi nzuri mno, ila kwa nyumba iliyokatikiwa na mshahara huwa deni: mama atazamwa na sufuria yako jikoni, naye hana cha kuitilia. Peleka chakula kwenye chombo ambacho hakina haja ya kurudi, mkebe wa siagi uliooshwa au mfuko wa karatasi, na useme wazi kwamba chombo ni chake. Asubuhi watu hujimudu, mahamri na mbaazi hupatikana kila kona. Jioni ndiyo ngumu, kwa sababu mwenye wasiwasi huikumbuka njaa ya watoto saa mbili usiku akiwa hajawasha moto. Kilo ya mchele ikipikwa kwa nazi hutosha watu sita hadi wanane, na nusu kilo ya mbaazi iliyorowekwa usiku kucha ikaungwa kwa tui la nazi mbili huwa mchuzi wao. Samaki wa kukaanga hustahimili joto la Mombasa hadi usiku kuliko wa mchuzi. Usipeleke biriani. Biriani ni ya sherehe au ya msiba, na nyumba hii haina lolote kati ya hayo mawili.

Fedha zaleta uchungu zikitolewa vibaya. Kosa kubwa ni kutangaza harambee mapema: picha ya mtu kwenye kundi la WhatsApp, jina la ugonjwa, namba ya simu. Pesa huja mara moja, aibu hubaki, na majibu yakitoka kuwa si saratani wapo watakaonung'unika kwamba wametapeliwa. Afadhali watu watano watoe 500 kila wiki, ambazo ni 2,500 za uhakika, na hesabu ijulikane na watu wawili tu. Toa mkononi mkiagana, au lipa kitu ambacho hakimpiti mtu mkononi. Stima, kwa mfano. Muulize mara moja namba ya mita, uihifadhi. Kwenye M-Pesa lipa kwa namba ya biashara ya Kenya Power, 888880, na namba ya akaunti ndiyo hiyo ya mita. Ujumbe wa tokeni, namba ya kuingiza kwenye mita, huja kwenye simu ya aliyelipa, nao una tarakimu 20, kwa hiyo uutume mzima bila kuunakili kwa mkono. Watu wengi hulipa kisha wakasahau hatua hiyo, na nyumba yabaki gizani ilhali pesa imekwisha kwenda. Maji nayo vilevile: mitungi mitano ya lita 20 kwa siku ni kiasi cha watu watano kupika, kuoga na kuosha vyombo. Panga na mwenye mkokoteni ailete mlangoni, umlipe wewe.

Nije kwenye maneno, maana hapo ndipo tunapoumizana zaidi. Salamu zetu ni ndefu na tamu, lakini zimejengwa ili jibu liwe zuri. Ukimuuliza mtu "habari za nyumbani?" atasema salama hata nyumba ikiwa inaungua. Kwa hiyo salimia kama kawaida, mpe heshima yake, kisha uliza jambo dogo linaloweza kujibiwa kwa ukweli: "Jana ulipata usingizi saa ngapi?" "Watoto wamekula nini mchana?" "Ile simu ya hospitali walisema wapige lini?" Maswali hayo hayamlazimishi kufunua moyo, ila akitaka kuufunua mlango uko wazi.

Methali zina wakati wake. "Subira yavuta heri" ni neno la kweli, lakini ukilisema dakika ya pili umemwambia anyamaze. Vivyo hivyo "usijali", "mshukuru Mungu wapo walio na zaidi", "mimi shemeji yangu alikuwa hivyo hivyo akapona". La mwisho hilo latoka kwa wema, na laumiza, kwa kuwa mtu alikuwa amekaribia kusema lake na sasa yabidi asikilize lako. Akimaliza kusema, rudia kwa ufupi ulichosikia: "Kwa hivyo kinachokutesa zaidi ni kutojua utawaambia nini watoto." Kama umekosea atakusahihisha, na katika kusahihisha ataona mwenyewe kilicho chini ya hofu yake. Kisha kaa kimya. Kimya cha dakika mbili barazani si kitu kibaya.

Na tafadhali, "Inshallah nitakuja" isiwe njia ya kukataa kwa adabu. Taja siku. "Inshallah Jumanne baada ya alasiri" ni ahadi ambayo mtu aweza kuilalia. Kwa anayesubiri, kitu kimoja chenye siku na saa huwa nguzo ya wiki nzima.

Wanaume wana lao. Mwanaume wa hapa ukimkalisha uso kwa uso umuulize anajisikiaje, atacheka. Ukikaa naye ubavuni, nyote mkitazama njia, huzungumza. Ndiyo sababu baraza lina maana, na ndiyo sababu napenda watu wampeleke mwenzao ufukoni Mama Ngina jioni, watembee taratibu kutoka upande wa Lighthouse, wanunue mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Meli zaingia mlangoni mwa bandari, macho yana pa kushika, na maneno hutoka yenyewe. Aliyepoteza kazi huona haya kukaa barazani mchana wakati wenzake wako kazini, kwa hiyo mfuate nyumbani, usimngoje atokee.

Kuhusu simu: taarifa zinazoingia usiku kwenye makundi, sauti za mtu asiyejulikana akisema amesikia kutoka kwa mtu wa bandarini, ndizo zinazovunja watu. Msemaji wenu aandike ujumbe mmoja kila jioni kwa saa ile ile, hata kama hakuna jipya. "Leo hakuna habari, kesho saa nne tunapiga tena" ni ujumbe kamili. Bila huo, watu hujaza nafasi kwa uvumi. Mwenyewe atazame habari mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na simu yake usiku ishikwe na mwingine ambaye ataamsha pakiwa na la kuamshia.

Kwa walio na mtu Ghuba, mambo kadhaa yafanywe kabla hajapanda ndege. Hakikisheni wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wekeni nyumbani nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba, jina na simu ya mwajiri, jina la wakala wa hapa na wa kule, mji na mtaa. Kubalianeni neno la siri: akiulizia shangazi wa Lamu ambaye hayupo, mtajua anasikilizwa na hayuko salama. Saudia, Qatar na Kuwait zatumia saa zetu zile zile, Dubai na Muscat zatangulia kwa saa moja, lakini mfanyakazi wa nyumbani mara nyingi hupata simu yake saa tano au sita za usiku, kazi zikiisha. Wekeni usiku mmoja wa wiki ambao mtu atakuwa macho kumpokea. Akinyamaza usiku huo, msingoje mwezi. Kesho yake mpigie wakala, na kabla wiki haijaisha andikeni kwa ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo, barua moja yenye nakala zote. Barua yenye namba ya pasipoti na jina la mwajiri yaweza kufuatiliwa. Ile inayosema "dada yetu hapatikani" haina pa kushikika.

Aliyepotea hapa hapa mjini aripotiwe polisi siku ile ile, na msiondoke bila namba ya OB, ile ya daftari la matukio. Kisha hospitali. Kama yabidi kufika makafani, waende wawili, wala mama asipelekwe peke yake kufunguliwa droo. Mashirika ya haki kama MUHURI na Haki Africa yana uzoefu wa kuzisindikiza familia kwenye ofisi, na ni vizuri kwenda nao mapema.

Watoto husikia kupitia mlango. Waambieni mambo matatu, kwa lugha yao: tunachokijua, tusichokijua, na kile ambacho hakitabadilika kesho. "Baba hajaitwa kazini. Hatujui ataitwa lini. Kesho mtaenda shule, na chuoni kwa Kurani baada ya alasiri." Hilo la tatu ndilo wanalolala nalo.

Mwili wenyewe wataka kusaidiwa. Kahawa chungu ya barazani ikinywewa saa moja usiku, karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini saa sita. Muguka, yale majani ya kutafuna, ni mbaya zaidi: kemikali ya kathinoni iliyomo huamsha, hupandisha mapigo ya moyo, na ikiisha huacha huzuni nzito kuliko ile ya mwanzo. Mtu hutafuna asiwaze, akaishia kuwaza hadi alfajiri. Kinachofaa ni cha bei rahisi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano. Kutoa polepole ndiko kunakotuliza mapigo. Tenga dakika 20 baada ya alasiri za kuwaza kwa makusudi: karatasi, upande mmoja yale unayoweza kuyafanyia kazi leo, upande wa pili yale usiyoyaweza. Wazo likija usiku, laambiwa lina saa yake kesho. Ukilala na usingizi usije kwa dakika 20 hivi, inuka, kaa kwenye kiti mwanga ukiwa mdogo, rudi unapolemewa.

Akianza kugawa vitu vyake, au kusema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humwondolea upweke wake. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba, kwa hiyo hofu ya polisi isimzibe mtu mdomo. Usimwache peke yake usiku huo. Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199, Befrienders Kenya wapo kwa 0722 178 177, na hospitali ya Port Reitz ina huduma ya afya ya akili.

Uthibitisho kwamba twaweza kubuni desturi mpya tunao. Mei 6 mwaka 2020, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ulifungwa kwa ajili ya korona, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Juni. Mazishi yaliruhusiwa watu 15. Matanga yetu yote yalivuliwa nguo siku moja, na watu wakajifunza kufariji kwa simu, kwa dirisha, kwa futari iliyowekwa kizingitini na hodi kutoka mbali. Baada ya njia kufunguliwa, tuliyarudia ya zamani na haya mapya tukayaacha. Naona tulifanya haraka.

Majibu yakija yakiwa mazuri, kila mtu hushangilia na kuondoka, na hapo ndipo mwili uliokuwa umejikaza huporomoka: homa, machozi yasiyo na sababu, ugomvi na mume. Endeleeni na zamu wiki mbili zaidi. Yakija mabaya, daftari lenu mkabidhi watu wa matanga, maana sasa desturi imefika.

Na kuna majibu yasiyokuja kabisa. Hapo zamu za wiki zigeuzwe za mwezi. Wazee wakae na familia waamue mambo ambayo mama hawezi kuyaamua peke yake: kama ndugu wa aliyepotea aweza kuoa mwaka huu, kama chumba chake kipangishwe. Waamue kwa sauti, ili lawama isimkae mtu mmoja. Dua isomwe ya kumtaka arudi, isichanganywe na hitma mpaka familia yenyewe iseme. Na ile namba ya simu ya mama, ambayo kijana aliyepotea aijua kwa kichwa, mmoja wenu awe na kazi ya kuitilia salio na kupiga nayo kila mwezi, kwa sababu laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine.